Sehemu ya Mwisho

Umeniuliza, Jagoda, ipi ilikuwa bora.
Umekuja na kalamu, unataka orodha,
kana kwamba bibi yako ni duka la dawa.
Keti. Si kwenye kile. Msogeze paka.

Ya kwanza niliisikia kuliko kuiona.
Televisheni ilikuwa ya akina Pietrzak, ghorofa ya chini,
watoto kumi na mmoja sakafuni,
na mbele yangu kichwa cha Bronek,
masikio kama vipini vya chungu.
Kulikuwa na jasusi, kulikuwa na daraja,
kulikuwa na mlipuko. Mengine muulize Bronek.

Halafu ile ya hospitali. Jumapili, saa mbili usiku,
Łódź nzima ilinyamaza, tramu zikapita tupu.
Jumatatu kiwandani, mashine zikinguruma,
tuliisimulia upya kwa midomo mitupu,
maana mfumaji husoma midomo kama wengine wasomavyo gazeti:
Ameolewa? Bado. Daktari yule ni nyoka.
Rozalia, msimamizi, akatukata dakika kumi za mshahara,
kisha akarudi kuuliza mtoto ameitwa nani.

Ikaja ya mbali, ya mashamba ya miwa
na wanawake wa hereni nzito.
Walisema kwa lugha yao, chinichini,
na juu yao mwanamume mmoja, mmoja tu,
akatusomea wote kwa sauti ya mtangaza treni:
Nakupenda. Nitakufa. Mtoto si wako.
Sauti ile haikulia hata siku moja.
Nililia mimi, kwa niaba yake.

Na ya mpelelezi ulinifungulia wewe, kwenye kompyuta:
sehemu nane usiku mmoja,
jamu kwa kijiko, bila mkate.
Asubuhi nilikuwa nimemsahau muuaji.
Koti la mpelelezi ninalikumbuka. Kitambaa kizuri.

Lakini andika hii.
Kulikuwa na kinu cha unga, na ndugu wawili,
na Hela, mwenye barua kifuani, avukaye mto ulioganda.
Wiki kumi na mbili. Babu yako hakuitazama.
Zenon alikaa nyuma ya gazeti, ukurasa ule ule,
akiguna kwamba hayo ni mambo ya wanawake.
Sehemu ya mwisho ilikuwa Januari, na mgao wa umeme.
Hela yuko katikati ya mto, barafu inalia—
giza.

Jengo zima likasema Aa!
ghorofa kwa ghorofa, hadi darini.
Nikapapasa mshumaa. Zenon akasema: Acha.
Na humo gizani, mtu asiyetazama
akaniambia yaliyotokea.
Alijua jina la farasi. Alijua deni la mzee, hadi senti.
Akamvusha Hela kwa magoti, shubiri kwa shubiri,
akampa ndugu mdogo kinu,
mkubwa akampa aibu,
kisha akamwonea huruma, akampa farasi.
Umeme uliporudi, ilikuwa saa ya hali ya hewa,
na mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wake.
Akauachia upesi. Akalitafuta gazeti.

Mwaka juzi wameirudia. Nilihesabu siku.
Hela akafika mtoni, barafu ikalia,
nikazima.
Mama yako akashangaa: Miaka arobaini, na hutaki kujua?

Najua.
Ng'ambo amesimama Kasztan, farasi,
mvuke ukimtoka puani,
na mtu anamshika hatamu
huku akijifanya anatazama kwingine.