Theluji ya Hellevi

Mchagua jembe si mkulima, hilo nalijua;
lakini jembe halinywi dawa. Karatasi hunywa.

Kipupwe cha kwanza nilinunua za nchi tano:
moja nene kama ngozi ya kiatu,
moja nyepesi hata pumzi yangu iliinua pembe yake.
Kila moja niliiharibu, kila moja nikaitungia kesi:
hii imevuja, hii mlevi, hii imeniota madoa
meusi kama vichwa vya pini,
hii ina chaki tumboni, na chaki haipatani na chuma.

Ndipo Aulikki akaja na viatu vyake vya kiwandani,
miaka thelathini na mmoja katika maabara ya kinu cha karatasi, Tampere.
Akashuka ngazi hadi chumba changu cha chini, huko Pispala,
akazikusanya zote, akazifunga kwa kamba,
akaniachia rundo moja.
"Hii tu," akasema, "mpaka barafu ya ziwa ivunjike."

Alinifundisha kuisikiliza kwanza.
Ishike pembe mbili, itikise:
ikilia kama bati, gundi imezidi;
ikinyamaza kama shuka, itakunywea mshahara.
Kisha nifumbe macho, niipapase,
nijue uso upi, mgongo upi.
Kisha beseni la asidi: viputo vikapanda
vidogo, vya hasira, chaki ikikata roho.
"Ikiacha kunung'unika, itoe."

Matone kumi na mawili ya chuma. Tisa ya paladi.
Ya platini matatu, nayo nayahesabu kwa sauti
kama mtu alipaye deni mbele ya mashahidi.
Fimbo ya kioo: kwenda, kurudi, kwenda
(usibonyeze, hupigi pasi).

Picha ilikuwa moja, ile ile, kipupwe kizima:
jirani yangu Hellevi kituo cha basi,
koti jeusi, kofia imejaa theluji.

Ya sita, michirizi.
Ya kumi na nne, hita imekausha hewa,
koti limetoka chengachenga kama mchele wa mwisho wa gunia.
Nikachemsha birika, nikaifukiza karatasi kwa mvuke
kama nguo ya harusi juu ya chetezo.
Ya kumi na tano, koti likatulia.
Ya ishirini na mbili niliipasua.
Ya ishirini na tatu ningeipasua, ila mikono ilikuwa na maji.

Kilichonishinda ni theluji.
Nikaongeza mwanga, ikawa majivu.
Nikapunguza, koti likawa moshi.
Aulikki akainua miwani, akaiweka picha karibu na dirisha,
nje kukiwa na theluji yenyewe, bure, hadi kiunoni.
"Unahangaika kuichapa," akasema.
"Theluji haichapwi. Hapo ni karatasi
uliyoiacha ilivyo.
Ulipochagua karatasi, ulichagua theluji.
Sasa jifunze koti."

Nikajifunza koti.

Dawa ya moto humwagwa kwa mkupuo mmoja, bila kusita;
na picha haiji kwa hatua,
huja yote, kama mtu aliyekuwa nyuma ya mlango.
Ya arobaini na moja ilikuja hivyo.
Nilisimama na jagi tupu, dawa ikinidondokea soksi.

Hellevi aliitazama kwa muda mrefu.
"Kofia ile," akasema, "niliisahau ndani ya basi."

Barafu ilivunjika usiku wa kuamkia Jumanne.
Aulikki akarudisha mzigo wangu, kamba haijafunguliwa,
na wiki hiyo hiyo likafika rundo jipya la karatasi yetu:
jina lile lile, alama ya maji ile ile.
Nikashika pembe mbili. Nikaitikisa.
Tukatazamana.
Wamebadilisha kitu huko kiwandani, wala hawakusema.

Nikaenda kujaza beseni.