Bei ya Jioni

Soko la Jumatano hufunguliwa alfajiri,
lakini mimi naliamkia jioni.
Asubuhi nyanya huwa na nasaba:
zimepangwa kwa rika, zimepanguswa vumbi,
na Seyfi mwenye meza huzishika kama mayai.
Asubuhi ni ya wenye mshahara.
Ifikapo saa kumi na mbili, tramu ikipita na taa zake,
nyanya zilezile zimeshasahau ukoo wao.

Nina daftari. Lilikuwa la binti yangu,
la hesabu za darasa la nne; kurasa za nyuma zilibaki tupu.
Humo nimeandika bei za miaka mitatu:
vitunguu, mchele, jibini nyeupe, sabuni.
Ukilipitia haraka utadhani ni homa ya mgonjwa,
inapanda, inapanda,
na daktari hajaitwa.

Haba na haba hujaza kibaba, sibishi.
Ila mwaka huu kibaba chenyewe kimepanda bei.

Basi natembea. Vituo vinne vya tramu, kando ya mto,
na nauli niliyoinyima tramu inageuka limau mbili.
Nakula kipande cha mkate kabla ya kutoka,
maana tumbo tupu halijui kukataa.
Fedha ya kodi nimeiacha nyumbani kwenye bahasha,
ya gesi kwenye bahasha nyingine, chini ya godoro,
na iliyobaki naijua kwa mlio.

Na kila Jumatano, penye meza ya mayai,
namkuta Perihan wa ghorofa ya tatu,
koti lake zuri, lile la enzi za mume wake wa benki.
“Nimechelewa leo,” husema.
“Hata mimi,” namjibu, “nilikuwa na wageni.”
Wageni gani!
Mwaka mzima tumechelewa,
Jumatano hamsini na mbili,
dakika ileile,
kwa bahati tu.

Wiki ya mwisho ya Septemba,
Seyfi akaning'inia nyuma ya gari lake, sauti imekauka:
“Pilipili nyekundu! Kreti nzima au basi, naondoka!”
Kilo kumi na tano. Za kukausha, za kusaga,
za kutia rangi kwenye sufuria hadi Machi.
Nilikuwa na nusu ya bei.
Nusu ya bei hainunui nusu ya kreti, nilimuuliza.

Nikageuka kushoto.
Perihan alikuwa amesimama, mkono ndani ya koti,
vidole vinatembea kitambaani, taratibu, kimoja kimoja.
Nausoma mwendo ule.
Mimi pia huhesabu gizani.

“Perihan,” nikasema, “tuache kuchelewa.”

Alinyamaza muda wa tramu kupita.
Kisha akapiga hatua mbele, na sauti niliyoisikia
sikujua kwamba inaishi juu ya dari yangu:
“Seyfi! Za chini zimelainika, unaziona? Toa lira hamsini!”
Akatoa thelathini. Akacheka, mwizi yule.

Tuliibeba kreti, huku mmoja, kule mwingine,
tukipumzika kila penye taa.
Begani koti la benki lilipata doa jekundu;
hakulifuta.
Ngazini mlango wa Bwana Tahsin ukafunguka kidogo.
“Habari za jioni,” Perihan akamwambia, kwa sauti kubwa.
“Tumetoka sokoni.”

Usiku kucha jikoni kwangu, visu viwili.
Tulikata palipooza, palikuwa padogo
kuliko nilivyoogopa, pakubwa kuliko alivyoapa Seyfi.
Mikono iliwasha hadi Ijumaa.

Daftarini nimeandika: pilipili, kilo kumi na tano,
na mbele yake, badala ya bei, neno moja: nusu.

Chupa zilitoka tisa.
Nne zake, nne zangu.
Ya tisa iko kwangu.
Anadai ni yake.
Tutaona.