Makombo ya Mkate Kwenye Kiti cha Abiria

Nimeifungua difu saa mbili asubuhi.
Mafuta yakashuka mazito, yanametameta
kama uji uliotiwa vumbi la fedha.
Ukiuona mng'ao huo hupigi ramli tena:
chuma kimekula chuma.
Sumaku ya kizibo imeota ndevu.
Jino moja la gia kubwa halipo;
nimelikuta chini, kwenye tope la mafuta,
dogo, kama punje ya muhindi.

Gari ni la Irmtraud Kessenich, mwokaji mikate wa kijiji cha bondeni.
Jekundu, viti viwili, likiwashwa linaamsha mbwa wa mtaa mzima.
Alilinunua mwaka aliomzika Detlef,
kwa pesa walizoweka ili wabadilishe tanuri.
"Tanuri litanizika," aliniambia.
"Hili angalau litanitembeza kwanza."

Kilomita elfu ishirini na sita. Dhamana haijaisha.

Lakini Lohscheidt, meneja wa huduma,
mwenye shati lisiloijua grisi,
amechomeka waya wake, amesoma kumbukumbu za gari:
mara arobaini na moja, langoni mwa uwanja wa mbio.
"Mashindano," akasema. "Mkataba hauruhusu."
Sikubisha. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo,
nami nina mkopo wa nyumba, miaka kumi na mmoja.

Bi Irmtraud akaja kaunta na aproni yake, unga kwenye nyusi.
"Uwanjani naenda, ndiyo. Saa kumi na moja alfajiri.
Mikate sitini ya madereva, ishirini ya mafundi wao.
Gari la mizigo niliuza, limebaki hili.
Nashuka mlima pole, nikikata kona kwa pupa vikapu vinamwagika.
Sasa niambie, bwana,
nani hushindana amefunga mkanda kikapu?"

Lohscheidt akasema mfumo haurekodi mikate.

Difu, kwa asiyejua, ni kifaa cha subira.
Kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu,
la ndani lina safari fupi,
nayo huyaachia: kila moja na mwendo wake,
mradi tufike.
Pale kaunta hakuna kitu kama hicho.
Huyu anavuta, huyu anavuta, ekseli ni moja,
na kitakachokatika nitakiokota mimi.

Hii ni ya tatu tangu Januari.
Ya kwanza ya daktari wa meno. Alicheka, akalipa.
Ya pili ya kijana aliyeshindana kweli, kila Jumapili;
yeye alifidiwa, baba yake hununua malori kwetu.
Meno yote yamekatikia shinani,
na palipokatika pana chembechembe nene, kama sukari.
Nilimwonyesha Bi Irmtraud chini ya taa.
Hakuuliza swali. Alilibonyeza kwa kidole gumba,
jinsi anavyobonyeza mkate:
"Nje limeiva. Ndani bichi."

Fomu ina kisanduku mwishoni: Maoni ya fundi.
Siku zote huwa nachora mstari, basi.
Leo nimeandika:
Jino limekatikia shinani. Tairi hazikuungua.
Breki bado nene. Kwenye kiti cha abiria
kuna makombo ya mkate, mengi, ya zamani na ya leo.
Nikasaini Ottmar Driessen, kwa herufi zinazosomeka.

Wiki sita. Barua ikaja.
Nusu ya gharama, kwa hisani ya kampuni,
bila kukiri kosa.
Aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni,
akauliza kama jino lile bado ninalo.

Sasa liko dukani kwake, kando ya mizani,
kwenye kisahani cha chenji.
Mteja akirudi kusema mkate wa jana ulikuwa mbichi ndani
humrudishia pesa yote,
wala hamwulizi aliulia wapi.