Sugu

Usimuulize alianza kupiga mwaka gani.
Bi Wande huhesabu kwa majengo:
kabla ya saruji pale Makongoro,
tulipokuwa na ukumbi wa bati kule Mabatini,
mvua ikinyesha hatusikiani,
mpiga ngoma anatuongoza kwa kichwa.

Wanaume saba, na yeye.
Besi aliipata kwa sababu mwenye besi
alikwenda Kampala kununua nyuzi
akarudi baada ya miaka mitatu, bila nyuzi.
Basi binti Maduhu, mtoto wa mchoma mkaa wa Magu,
akasimama nyuma ya wote, viatu kavua,
maana besi, asema, huingilia miguuni.
Wachezaji hawakumwona.
Walijua tu kwamba viuno vyao vina mwenyewe.

Kisha Mbuke, dada yake, akashikwa na uchungu
mkesha wa Krismasi.
Bendi iko Nansio. Asubuhi ziwa likachafuka,
meli haikuja, siku ya pili, ya tano.
Aliporudi alikuta matanga yameanuliwa.
Hakuna aliyemlaumu.
"Laiti mtu angenitukana," aliniambia, akimenya kiazi,
"ningekuwa napiga hadi leo."

Alikwenda kusomea uuguzi na miaka ishirini na tisa,
mtu mzima katikati ya vigoli.
Metroni akamshika vidole, akavigeuza:
"Sugu hizi za jembe?"
"Za jembe, Sista."
Uongo wake wa kwanza ndani ya sare.

Lakini sugu zikamsaliti.
Aliweka vidole juu ya mshipa wa mgonjwa
akasikia ukuta.
Wenzake wanataja sabini na mbili, themanini,
yeye anasikia ngozi yake mwenyewe,
nene kama ganda la muhogo.
Akaviloweka kwenye maji ya chumvi,
akavisugua kwa jiwe la kisigino, wiki tisa,
gitaa likimsikiliza chini ya kitanda,
na kila ganda lililobanduka, nikasema mimi,
lilikuwa wimbo...
"Lilikuwa ngozi," akanikata. "Nipe chumvi."

Mpaka mzee mmoja wa Kome, mwenye homa.
Chini ya kidole: tu. Tu-tu. Tu.
Akacheka peke yake wodini.
"Huyu anawahi," akamwambia daktari,
"moyo wake unaingia kabla ya zamu."
Daktari akaweka kipimo, akanyamaza, akaandika.

Miaka thelathini na sita.
Wodi ya wazazi, usiku, akigonga chuma cha kitanda
kwa pete: usiikimbize, mama, ingoje, inakuja,
sasa. Sasa.
Watoto hakuwahesabu.

Mwaka ule wa meli hajanisimulia.
Hana haja, nilikuwepo, mwanafunzi, nimebeba shuka.
Uwanjani, kwenye nyasi zilezile
alikopiga besi siku ya sherehe akiwa msichana,
alipita mstari kwa mstari,
akigusa shingo, shingo, shingo.
Alijua. Aligusa.

Sasa anaishi Kitangiri, juu kabisa,
nyumba imeegemea jabali kama mtoto aliyechoka.
Masikio yamekwenda. Gitaa lilichukuliwa na mjukuu
akalipeleka kwaya, likabakiwa na nyuzi tatu.
Kila Alhamisi napanda na mashine ya presha,
naye kila Alhamisi anaisukuma pembeni.
"Shika mkono."

Chini huko baa inafungua spika.
Haisikii. Lakini anavua kandambili,
anaweka nyayo juu ya mwamba,
na kidole gumba cha mguu kinaanza kazi.

"Sitini na nne," nasema.

"Umechelewa kuingia," ananijibu.
"Rudia."