Kokwa Tatu

Tulichanga wiki sita kwa simu,
Gaudensi akishika daftari kama mweka hazina wa msiba,
ili Mama, aliyestaafu jiko la shule ya bweni,
naye apakuliwe, walau mara moja.
Elfu sabini kwa kichwa. Watoto nusu.
Maji hayamo.

"Ni chakula cha Bahari ya Kati," alisema Gaudensi
bajaji ikikata kona ya Msasani.
Mama, kitenge cha sikukuu, pochi mapajani:
"Katikati ya nini na nini?"

Ukutani wamechora bahari, buluu kuliko bahari,
na nyumba nyeupe zimebanana
kama meno kwenye tangazo la dawa.
Masufuria ya kung'aa yamepanga foleni,
kila moja na kibao, kila kibao na jina refu.
Nikafunua la kwanza: wali wa njano, umeshikana mikono.
La pili: mishikaki iliyobadili jina, ikasahau moto.
La tatu, samaki. Kimebaki kichwa na mgongo,
kinatutazama kama mtu aliyetangulia kufika
akajuta.

Dengu za kusaga zilikuwa zimefanya utando juu
na ufa katikati, kama kiwanja cha Tabata mwezi wa tisa.
Yale madonge ya kukaanga, Yustina aling'ata moja,
likamjibu.
Vitamu vya asali na lozi vilikwisha.
Kibao chake kilikuwepo.

Mama hakuonja kwanza.
Alipita foleni ile taratibu
akigusa ubavu wa kila sufuria kwa mgongo wa kidole,
kama anavyogusa paji la mtoto mwenye homa.
"Maji ya chini yamepoa," akasema. "Tangu saa sita."
Ilikuwa saa nane na nusu.

Gaudensi akaanza kuvimba. Akaita meneja.
Akaja kijana, si meneja, jina kifuani Shukrani,
tabasamu limemchoka pembeni.
Mama akamuuliza, bila ukali:
"Jikoni mko wangapi, mwanangu?"
"Tulikuwa wanne."
"Na leo?"
Akatupa jicho kwenye mlango wa nyuma.
"Bi Tabu peke yake."

Basi. Mama akapakua wali ule ulioshikana
akala mpaka sahani ikabaki na maua yake.
Gaudensi bado anahesabu vidoleni:
arudishiwe hela, atasema, watamjua.
"Chakula kikipoa," Mama akamwambia, huku akitafuna,
"usimtafute aliyepika. Mtafute anayepima gesi."

Nilijua anamsema nani.
Miaka thelathini na mmoja ya maharage, watoto mia saba,
na mhasibu aliyepunguza kuni, kisha mafuta,
kisha akashangaa kwa nini shule imegoma.
Walivunja madirisha ya jiko.
Ya ofisi ya mhasibu hayakuguswa.

Kabla ya kuondoka alipotea dakika kumi.
Mlango wa jikoni ulipofunguka tulimwona,
mikono ya gauni ameikunja,
amesimama na mwanamke mwenye taulo begani,
wanacheka jambo lisilotuhusu.

Nyumbani akafungua karatasi ya kufutia mikono:
kokwa tatu za zeituni,
zile alizokula kwa kukunja uso.
Akazizika kwenye kopo la siagi, dirishani.
Nikamwambia, Mama, hizo zimelala kwenye chumvi
miezi na miezi. Haziwezi kuota.
"Najua," akasema.

Hii ni wiki ya tisa.
Udongo ni udongo tu.
Alfajiri, kabla sijaamka vizuri,
nasikia kikombe kikigonga bati la kopo.