Kichupa Kati ya Sato

Nkwabi amekificha kichupa
kati ya sato wawili, kwenye friji yangu, Kirumba.
Ubavuni kimeandikwa: kwa utafiti tu, si kwa binadamu.
Nikamsomea. Akacheka,
akapandisha shati, akabana nyama ya tumbo, akajidunga.

Jioni ananyanyua makopo ya saruji nyuma ya gereji.
Mkono umejaa, kweli. Shingo nayo.
Ila alfajiri vidole vimekufa ganzi,
kifungo kinamshinda;
namfunga mimi, dada mtu,
kama asubuhi ile ya kipaimara.

Juzi umeme ukakatika, saa tisa usiku.
Sato waliharibika, nikawatupia makongoti.
Yeye alishatoka pekupeku
kusaka barafu Mwaloni,
kichupa mkononi kama yai la kuazima.
Alirudi na kipande kimoja.
Cha kichupa tu.