Nusu Kidole

Mashua ya Evaristo haipandi joshi.
Ndivyo wanavyosema gatini Cambados
wanaume wanaopanga makreti ya kome.
"Ina kitambi kama mwenyewe," husema,
na Evaristo, mume wangu, hucheka nao
akilishika tumbo lake kwa mikono miwili.

Mimi sikucheka. Mimi ni mshonaji.
Miaka kumi na tisa nimeshona mapazia ya hoteli,
najua kitambaa kinapojaa pasipotakiwa.
Nikalilaza tanga sakafuni jikoni,
nikasogeza meza, nikasogeza friji,
nikatambaa juu yake kwa magoti, pini mdomoni,
nikafumua mshono baada ya mshono,
nikapunguza nusu kidole hapa, ukucha pale,
hadi tumbo la tanga likawa tumbo la mtu
aliyetoka hospitali juzi.

Kisha nikachomoa nyuzi mbili nyekundu
kwenye sweta aliyokataa kuivaa Antía,
nikazifunga tangani, mmoja kila upande,
karibu na mlingoti. Upepo hauonekani;
sufu inaonekana.

Jumamosi. Kaskazini-mashariki, mkavu,
ule unaopasua midomo na kukausha mizabibu.
Antía omoni, miaka kumi na minne,
amenuna: alitaka kulala.
Nilitaka jambo moja tu:
kukipita chelezo cha mwisho cha kome
(magogo ya mkaratusi, na chini yake
kamba zinazoning'inia gizani)
kwa mbisho mmoja, bila kugeuza mara ya pili.

Nikavuta demani. Nikavuta tena.
Kana ikatetemeka kiganjani.
Omo ikaulekea upepo kidogo, ikaulekea zaidi,
na tamaa ikaniingia.

Tamaa ukiwa tangani haina kelele.
Tanga linasimama zuri, bapa, kama limepigwa pasi,
maji ubavuni yanatafuna polepole,
yanatafuna,
kisha hayatafuni tena.
Tulikuwa tumekielekea chelezo barabara
na hatuendi popote,
tunakwenda upande kama kaa,
kwa adabu zote, kuelekea miambani.

"Mama, unaikaba," akasema Antía
bila kugeuka.

Uzi wa upande wetu ulikuwa umesimama wima, unahangaika.
Mimi nilikuwa nakitazama chelezo.

Nikalegeza. Kidole. Kweli kidole kimoja,
kiasi ninachomwachia bibi harusi kiunoni
ili aweze kula keki yake mwenyewe.
Omo ikaanguka mbali na nilikotaka, ikaniuma hiyo,
na mashua ikavuta pumzi,
ikainama, mkuku ukashika maji,
tukaanza kupanda.

Antía akahamia joshini asiambiwe,
akautoa mgongo nje juu ya maji ya baridi,
kofia ikaruka, hatukuifuata.
Nyuzi mbili zikalala sambamba
kama nywele zilizochanwa.
Kila upepo uliponyooka upande wetu niliiba kidogo,
ulipokaza nilirudisha,
kuiba, kurudisha, kuiba,
kiwiko kikiwaka moto.

Tulikosa. Niseme ukweli, tulikosa
kwa urefu wa kasia.
Juu ya chelezo Xenxo alikuwa akivuta kamba,
akatuona tunamjia usoni,
akaisogeza ndoo yake taratibu
kama mtu anayepisha mgeni mlangoni.
Nikageuza. Tanga likapiga kofi moja
likatulia upande wa pili.
"Karibu!" akapiga kelele Xenxo,
na sijui kama alimaanisha umbali
au alikuwa anatucheka.

Usiku Evaristo akauliza tumefika wapi.
Antía akaweka chumvi hapa, mkate pale,
akaonyesha nafasi iliyobaki: kijiko.
Evaristo akakitazama kijiko muda mrefu.

"Kule juu," nikasema, "karibu na kichwa cha tanga,
bado ipo nusu kidole."

Hakujibu. Akainuka, akaufuta mkono suruali,
akaanza kusogeza friji.